Valvu ya chuma au ya tishu? Ulinganisho kwa mgonjwa wa moyo wa Mwanza na kandokando ya ziwa

Ukishaambiwa valvu yako, yaani mlango mmojawapo wa moyo unaoongoza damu ipite upande mmoja, imeharibika kiasi cha kubadilishwa, kuna siku daktari wa upasuaji atakuketisha akuulize: tuweke ya chuma au ya tishu? Wengi hujibu, "Vyovyote utakavyoona wewe, daktari." Ni heshima, na ni woga pia. Lakini jibu la swali hili linategemea maisha yako kuliko linavyotegemea picha ya eko (ya moyo kwa mawimbi ya sauti): unaishi wapi, unafanya kazi gani, unataka mtoto au la, nani nyumbani atakukumbusha dawa. Hayo daktari hayajui usipomwambia.

Mimi ninayo ya chuma, upande wa mitrali (mlango wa kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo), kwa hiyo ujue mapema ninaegemea wapi. Hata hivyo simshauri kila mtu achukue kama yangu. Vitabu huanza na umri wa mgonjwa. Kwa mtu wa Kanda ya Ziwa mimi ningeanza na jambo jingine: utakifikiaje kipimo cha INR (cha kuganda kwa damu, anachohitaji mwenye ya chuma) mwezi hadi mwezi, miaka na miaka, hata siku ziwa limechafuka na mfuko umekauka?

Kabla ya hapo, uliza kama ni lazima kubadilisha. Valvu ya mitrali iliyobana kwa sababu ya homa ya baridi yabisi (ugonjwa wa utotoni unaoweza kuharibu moyo) mara nyingine hupanuliwa kwa puto linalopitishwa kwenye mshipa wa paja, kifua hakifunguliwi. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, inafanya kazi hiyo. Iliyolegea nayo mara nyingine hurekebishwa. Valvu yako mwenyewe, hata ikiwa na viraka, ikikubali kufanya kazi huna sababu ya kuitupa. Ikishindikana ndipo tuendelee.

Zenyewe zikoje

Valvu ya bandia ya kwanza ya mtindo wa kisasa upande wa mitrali iliwekwa Marekani mwaka 1960, kazi ya daktari Albert Starr na mhandisi Lowell Edwards: kijipira ndani ya kizimba. Tangu 1977 zikaingia zenye vibati viwili vinavyofunguka na kufunga, na ndizo wengi tunazowekewa hadi leo. Tunaiita ya chuma, ingawa vile vibati ni kaboni ngumu. Haichakai kirahisi, inaweza kukuzidi umri. Shida yake ni kwamba damu inapogusa kitu kigeni hutaka kuganda, kwa hiyo utameza warfarini, kidonge cha kuzuia damu kuganda, kila siku ya maisha yako. Si mwaka, si miaka kumi.

Ya tishu hutengenezwa kwa utando unaofunika moyo wa ng'ombe au kwa valvu ya nguruwe, ikatibiwa kwa kemikali ili mwili usiikatae. Damu inaizoea. Kwa kawaida mgonjwa hutumia warfarini miezi kama 3 ya mwanzo, kisha wengi hubaki na aspirini ya dozi ndogo. Tatizo lake ni kuchakaa: hujaa chokaa, hukakamaa, huchanika. Kwa mzee inaweza kufika miaka 10 hadi 15 au zaidi. Kwa kijana hudumu muda mfupi zaidi, mara nyingine haifiki hata 10, na upande wa mitrali huchoka mapema kuliko upande wa aota (mlango ambao damu hutokea moyoni kwenda mwilini).

Kuhusu nguruwe: Waislamu na Wasabato wengi huona haya kuuliza. Uliza. Za ng'ombe zipo, na wapo viongozi wa dini wanaoruhusu hata ya nguruwe kwa ajili ya kuokoa uhai. Zungumza na shehe au mchungaji wako wiki kadhaa kabla, si asubuhi ya kuingia chumba cha upasuaji.

Miongozo ya madaktari wa moyo wa Ulaya ya 2021 inaelekeza hivi: aliye chini ya miaka 60 kwa aota, au chini ya 65 kwa mitrali, afikiriwe ya chuma. Aliyevuka 65 kwa aota au 70 kwa mitrali afikiriwe ya tishu. Katikati hapo, mzani. Miongozo hiyohiyo inasema matakwa ya mgonjwa aliyeelezwa vizuri yahesabiwe, na uwezekano wa kudhibiti dawa ya kuzuia damu kuganda pia. Sentensi hizo mbili watu huziruka. Wagonjwa wetu wa valvu, hasa wanaotokana na homa ya baridi yabisi, wengi ni vijana, tena wanawake. Ukifuata umri peke yake karibu wote watapewa ya chuma, kisha wengine watarudi kisiwani ambako hakuna wa kuwapima.

INR na njia ya kuifikia

INR hupima damu yako inachelewa kiasi gani kuganda. Asiyetumia dawa yuko karibu na 1. Mwenye valvu ya chuma upande wa aota, asiye na hatari nyingine, kwa kawaida hutakiwa kuwa kati ya 2 na 3. Wa mitrali kati ya 2.5 na 3.5. Ikishuka, bonge la damu linaweza kuziba valvu au kukimbilia ubongoni ukapata kiharusi. Ikipanda sana, unavuja damu: puani, kwenye fizi, kwenye mkojo, na mahali pabaya zaidi, kichwani. Baada ya upasuaji utapimwa kila baada ya siku chache, halafu kila wiki, ukitulia kila mwezi. Kidonge ni cha bei nafuu. Ghali ni nauli.

Mtu wa Igoma, Kirumba au Nyegezi ana daladala mpaka mjini, anapanda mlima hadi hospitali ya Bugando asubuhi, jioni yuko kwake na dozi mpya. Ni kero, lakini inabebeka. Sasa mfikirie mvuvi wa kisiwa cha Ukara. Avuke kwenda Ukerewe, afike Nansio, apande chombo cha kuja Mwanza, alale, apimwe, arudi. Hiyo ni safari ya mgonjwa mmoja kwa tone la damu, na kipimo kikionyesha namba mbaya ataambiwa arudi wiki ijayo. Mtu huyo hataacha dawa kwa ujinga. Ataiacha kwa sababu ya hesabu. Wa Sengerema na Geita wamepata nafuu tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe 2025, maana foleni ya kivuko ilikuwa inakula siku nzima.

Kabla hujachagua, nenda hospitali iliyo karibu na unapolala na uulize kama wanapima INR. Usiishie kwenye kuuliza kama mashine ipo. Uliza kama vitendanishi (dawa za kupimia) vipo leo, na mwezi uliopita vilikuwepo. Ongea na mtu wa maabara mwenyewe, wa mapokezi atakujibu "ipo" ili foleni isogee.

Wavuvi wa dagaa wana nafasi moja ambayo sijaona ikitumiwa. Wao hufanya kazi usiku wa giza kwa taa, mbalamwezi ikijaa hupumzika. INR ya kila mwezi inaweza kuwekwa kwenye siku hizo hizo za mbalamwezi, na mwajiri wa mtumbwi hatakuwa na neno. Kwa mvuvi wa dagaa anayelala karibu na mji, ya chuma inawezekana kabisa. Anayehamahama dago, leo kisiwa hiki, mwezi ujao kile, mimi naona aelekee ya tishu hata akiwa kijana.

Kuna mashine ndogo za kujipima kwa kuchoma kidole, kama zile za sukari. Mwenye uwezo wa kuinunua na, la muhimu zaidi, kuendelea kununua vibanzi vyake vya kupimia, mezani kwake mzani unabadilika. Asiye na uhakika wa vibanzi asiitegemee.

Utasikia pia kuna "dawa mpya zisizohitaji kupimwa." Zipo, na zinasaidia wagonjwa wengi, lakini siyo wenye valvu ya chuma. Jaribio la dabigatrani, mojawapo ya dawa hizo, kwa wagonjwa hawa lilisitishwa kabla ya wakati, na matokeo yake yakachapishwa 2013: mabonge ya damu na kuvuja damu vilizidi kuliko kwa warfarini. La apiksabani, nyingine ya kundi hilo, nalo likasitishwa baadaye. Ukiandikiwa mojawapo na daktari asiyejua kilichomo kifuani mwako, mwambie papo hapo.

Na hili ndilo linalopindua uamuzi wa watu wengi. Ugonjwa wa mitrali wa muda mrefu huacha mapigo yasiyo na mpangilio, moyo unadunda ovyo ovyo. Mwenye mapigo hayo anahitaji dawa ya kuzuia damu kuganda hata akiwekewa ya tishu, ingawa baadhi yao wanaweza kuruhusiwa zile mpya. Faida kubwa ya tishu inapungua sana hapo, huku hasara yake ya kufunguliwa kifua mara ya pili ikibaki palepale. Muulize daktari waziwazi: mapigo yangu yakoje, na yatarudi sawa?

Jikoni, na hasa duka la dawa

Ya tishu, baada ya miezi ile ya mwanzo, haikuulizi umekula nini. Ya chuma inauliza kila siku. Majani mabichi yana vitamini K, na vitamini K hupunguza nguvu ya warfarini. Wagonjwa huambiwa waache mboga za majani, wakabaki na ugali na dagaa wakikondeana. Si lazima. Kinachotakiwa ni kula kiasi kilekile wiki hadi wiki, na dozi itapangwa juu ya chakula chako. Kwetu ugumu ni msimu. Mvua zikinyesha, matembele, mchicha na majani ya maboga yanajaa, kila sahani ni kijani na INR inashuka. Kiangazi mboga zikipungua, inapanda. Pima zaidi misimu inapobadilika. Unga wa mlonge unaouzwa kama dawa ya kila kitu una vitamini K nyingi, usiuanze kimyakimya. Sato na sangara hawana ugomvi na dawa hii.

Hatari kubwa kuliko mchicha iko duka la dawa. Tumbo likivuruga, mtu wa Mwanza hununua Flagyl bila kufikiri. Flagyl pamoja na warfarini inaweza kupandisha INR vibaya ndani ya siku chache. Septrin vilevile. Dawa za fangasi za kumeza vilevile. Rifampisini ya kifua kikuu hufanya kinyume, inaivunja warfarini nguvu mpaka dozi ya kawaida haitoshi. Ibuprofeni na diklofenaki huongeza kuvuja damu tumboni, na sindano ya diklofenaki kwenye kalio inaweza kukuachia uvimbe wa damu. Kwa maumivu tumia parasetamoli, bila kuzidisha. Malaria itibiwe mara moja kwa mseto kama kawaida, halafu INR ipimwe ndani ya wiki hiyo. Sentensi ya kujifunza kusema kabla hujasema unaumwa nini ni hii: "Ninatumia warfarini."

Mwenye ya tishu anayetumia aspirini peke yake anaweza kununua dawa ya tumbo akaendelea na safari zake. Uhuru huo usiudharau. Sisi wa chuma tunausikia ukipita.

Mwanamke anayetaka mtoto

Hapa ningetaka kila dada asome mara mbili, kwa sababu mara nyingi mada hii huguswa baada ya valvu kuwekwa.

Warfarini hupita kwenye kondo la nyuma. Kati ya wiki ya 6 na ya 12 inaweza kuharibu maumbile ya mtoto, na baadaye inaweza kumsababishia kuvuja damu ubongoni. Mimba kuharibika nako huongezeka. Hatari ni ndogo zaidi kwa anayehitaji miligramu 5 au pungufu kwa siku, lakini haiishi. Ukibadilisha kwenda sindano za heparini, nazo za kuzuia damu kuganda, mtoto anakuwa salama zaidi na valvu inakuwa hatarini zaidi, maana sindano hizo zinahitaji kufuatiliwa kwa vipimo ambavyo hata hospitali kubwa hazinavyo sikuzote. Karibu na wiki ya 36 warfarini husimamishwa na mama anatakiwa awe mikononi mwa wataalamu mpaka ajifungue. Takwimu za rejista ya kimataifa ya wajawazito wenye magonjwa ya moyo, zilizochapishwa 2015, ni hizi: wenye valvu ya chuma, 58% walijifungua mtoto hai bila tatizo kubwa. Wenye ya tishu, 79%, karibu sawa na wagonjwa wa moyo wasio na valvu ya bandia.

Kwa hiyo binti wa miaka 24 asiye na mtoto na anayemtaka, mwenye mapigo yaliyo sawa, ana sababu nzito ya kuchagua ya tishu. Achague akijua anachonunua: muda wa kuzaa, kwa malipo ya upasuaji wa pili pengine kabla hajafika 40, na ule wa pili ni mgumu kuliko wa kwanza kwa sababu ya makovu ndani ya kifua. Ukoo ukae na uongee habari hiyo sasa, mume na wakwe wakiwemo, si valvu itakapokwisha. Wengi kwenye upasuaji wa pili huwekewa ya chuma, wakiwa wameshamaliza uzazi.

Aliyekwisha kuwekewa ya chuma asikate tamaa, ila mimba isiingie kwa bahati. Atumie uzazi wa mpango usio na estrojeni, aonane na daktari wa moyo kabla ya kuacha, na siku zake zikichelewa apime mimba siku hiyohiyo. Kunyonyesha huku unatumia warfarini kunaruhusiwa. Hedhi inaweza kuwa nzito, na hiyo si ya kuvumilia kimya hadi damu ipungue mwilini.

Kazi, boda na usiku

Mama anayepaa sangara kwa kisu siku nzima, fundi wa karakana, dereva wa boda: wakiwa na warfarini kidonda kidogo huchelewa kukauka, hilo linavumilika kwa kubana kitambaa. Kinachotisha ni kichwa. Kuanguka na pikipiki, kugongwa na mlingoti wa mtumbwi, hata bila jeraha la kuonekana, ni safari ya hospitali usiku huohuo. Helmeti si ya kuogopa trafiki tu. Mpira wa kirafiki sawa, ndondi hapana. Kukata kimeo na kuchanjwa chale achana navyo kabisa, na hilo linamhusu hata mwenye ya tishu kwa sababu ya maambukizi.

Ya chuma inalia. Usiku kukiwa kimya inasikika kama saa ya mkononi iliyofichwa kifuani, na mwenzako kitandani anaisikia. Wengine huizoea kwa wiki chache, wengine inawanyima usingizi miezi. Ya tishu iko kimya. Sauti ina kazi yake hata hivyo: ikififia ghafla, na hasa ukianza kuhema, usisubiri kliniki.

Simu, geti la ukaguzi uwanja wa ndege, redio: hazina tatizo kwa aina yoyote kati ya hizi mbili. Watu huchanganya na betri ya moyo. Valvu haina betri wala umeme.

Yaliyo sawa kwa zote mbili

Kidari hupona polepole, usinyanyue ndoo ya maji wiki 6 hadi 12. Piga mswaki, maana bakteria wa kinywani wanaweza kuvamia valvu ya aina yoyote. Kabla ya kung'oa jino, mkumbushe daktari wa meno kuhusu antibayotiki ya kinga. Sindano ya benzathini penisilini ya kila wiki 3 au 4, ya kuzuia homa ya baridi yabisi isirudi, kama ulikuwa nayo, haikomi kwa sababu umebadilishiwa valvu. Kwa mwenye warfarini ichomwe INR ikiwa kwenye kiwango, pabanwe vizuri. Homa isiyoeleweka ya zaidi ya siku chache ipimwe damu kabla hujameza antibayotiki yoyote.

Zinavyoharibika

Hii ndiyo tofauti ninayoiona kubwa kuliko zote, na husemwa mara chache. Ya tishu huchoka taratibu: pumzi inapungua, miguu inavimba, eko ya kila mwaka inaonyesha. Unapata miezi, pengine miaka, ya kupanga safari ya Dar, kushughulikia bima, kuuza ng'ombe wawili. Ya chuma ikikosa dawa inaweza kukwama kwa siku chache, na ikikwama kisiwani usiku, hakuna mpango. Mtu anayejijua kuwa humaliza kidonge ndipo akumbuke kununua kingine, ajihesabie na hilo.

Nikiulizwa

Kijana wa mjini, mwenye kazi ya kutulia, anayeweza kupima kila mwezi, hasa kama mapigo yake yameshavurugika: ya chuma. Binti anayetaka watoto: ya tishu, na mpango wa upasuaji wa pili uwekwe mezani. Mvuvi wa visiwani asiye na maabara: ya tishu, hata kama umri wake kwenye kitabu unasema vingine, mradi anaweza kuhudhuria eko kila mwaka. Mzee wa Magu aliyevuka 70: ya tishu, wala asisumbuke sana na makala hii.

Asiyeingia kwenye kapu lolote kati ya haya aende kwa daktari na maswali haya: valvu ipi itabadilishwa, aota au mitrali? Mapigo yangu yakoje? Hii ya tishu ikichoka, nitafanyiwa wapi upasuaji wa pili, na bima yangu inaufikia? Na ukichukua ya chuma, omba kabla ya kuruhusiwa kadi yenye jina la valvu, tarehe ya upasuaji na kiwango cha INR unachotakiwa kuwa nacho. Ipige picha kwenye simu ya mtu unayeishi naye, siyo kwenye yako tu.